Mekanika ya Vitu Yabisi: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Uhandisi, Tukianzia kwenye Mnara wa Tangi la Maji

Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam ambako maji hutoka kwa mgawo, utaona mnara wa chuma wenye tangi la plastiki juu yake. Miguu minne, bimu mbili, vyuma kadhaa vya mshazari, kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku mbili. Karibu kila mada ya mwaka wa kwanza na wa pili wa mekanika ya vitu yabisi imo humo: bimu zinapinda, miguu inagandamizwa, viungo vya kuchomelea vinabeba shia (kani inayojaribu kukata kwa kutelezesha), na chini kabisa kuna mchanga. Mwongozo huu unaufuata mnara mmoja kutoka juu hadi chini, kwa namba, na kutoka nje yake pale tu ambapo mada inadai mfano mwingine.

Darasani utasikia maneno stresi na streini. Hapa stresi tunaiita mkazo, streini tunaiacha ilivyo. Kiasi ambacho bimu inashuka ikibebeshwa mzigo tunakiita mnepo, kwa sababu kunepa ndiko bimu inakofanya.

Kabla ya fomula: vizio

Fanya uamuzi mmoja leo na usiubadili hadi umalize shahada: kani kwa nyutoni (N), urefu kwa milimita (mm), mkazo kwa MPa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba N/mm² moja ni MPa moja kamili, hakuna kubadilisha chochote. Moduli ya Young (E, kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kurefuka) ya chuma inaandikwa 200,000, siyo 200 wala 200 × 10⁹. Momenti (kani mara umbali, yaani athari ya kupindisha) ya kNm 1 inakuwa Nmm 1,000,000.

Anayechanganya mita na milimita kwenye momenti ya pili ya eneo (I, kipimo cha jinsi umbo la mkato linavyopinga kupinda) hakosei kidogo. Kizio chake ni mm⁴, na mita moja ina milimita elfu moja, kwa hiyo kosa ni la mara 10¹². Ukipata mnepo wa kilomita tatu au wa sehemu ya bilioni ya milimita, acha fomula ilivyo, rudi kwenye vizio.

Kata, sawazisha, gawa, linganisha

Hizi ndizo hatua nne za somo zima, na mpangilio wake haubadiliki. Unakikata kitu kwa mawazo pale unapotaka kujua kinachoendelea ndani. Unachora kipande kimoja peke yake na kani zote zinazokigusa, kisha unasawazisha: jumla ya kani sifuri, jumla ya momenti sifuri. Kani uliyoipata unaigawa kwenye mkato, yaani uso uliofunguka ulipokata, upate mkazo. Mwisho unalinganisha mkazo huo na uwezo wa chuma, zege au mbao uliyonayo.

Hatua ya pili ndiyo inayoangusha wengi, na tatizo lenyewe ni mchoro kuliko hesabu. Mwanafunzi anachora bimu pamoja na nguzo zake, halafu anaweka mishale ya nguzo juu ya nguzo hizohizo. Ukishaiondoa nguzo, weka mshale badala yake. Ukiiacha nguzo, usiweke mshale. Chora kwa penseli, mchoro mkubwa, kila mshale na jina lake. Egemeo la rola linatoa kani moja, la pini linatoa mbili, na ncha iliyoshikwa kabisa ukutani inatoa kani mbili na momenti moja. Ukiisahau ile momenti ya mwisho, kila kinachofuata ni bure.

Kuvuta: nondo ya mm 12

Ning'iniza tani moja kwenye nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 3. Kani ni 1,000 × 9.81 = N 9,810. Eneo la mkato ni π × 12² ÷ 4 = mm² 113. Mkazo ni 9,810 ÷ 113, takriban MPa 87.

Streini ni mkazo kugawanya kwa moduli: 87 ÷ 200,000 = 0.000435. Haina kizio, ni uwiano tu wa urefu ulioongezeka kwa urefu wa awali. Zidisha kwa mm 3,000, upate mm 1.3. Tani nzima imening'inia na nondo imerefuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kwa urahisi. Ondoa mzigo, itarudi palepale. Uhusiano huu wa moja kwa moja kati ya kani na urefu unaoongezeka ulitangazwa na Robert Hooke mwaka 1678, na unafanya kazi hadi kikomo fulani tu.

Kikomo hicho kwa chuma laini cha kawaida kiko karibu na MPa 235 hadi 250, na huitwa yildi. Mkazo wa MPa 250 unalingana na streini ya 0.00125. Baada ya hapo chuma kinaanza kuvutika bila kurudi, na kinaweza kurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika. Hii ni rehema: chuma laini kinakuonya kwanza. Chaki, kioo na zege isiyo na nondo havionyi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata waliohitimu. Moduli ya Young ya chuma ni karibu ileile kwa chuma chote, kiwe cha bei rahisi au cha nguvu ya juu. Chuma cha nguvu zaidi kitachelewa kufika yildi, lakini kitanepa sawasawa na cha kawaida kikiwa na umbo lilelile. Anayelalamika kwamba bimu yake inanepa hatatibiwa kwa kununua chuma cha daraja la juu. Abadilishe umbo, au apunguze urefu kati ya egemeo na egemeo.

Joto nalo linaleta streini bila mzigo wowote. Chuma kinarefuka kwa takriban 12 × 10⁻⁶ kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Geti la mita 4 lililopata nyuzi 25 zaidi ya asubuhi, kwa jua la saa nane mchana, linaongezeka mm 1.2. Likiwa na nafasi, hakuna tatizo. Likibanwa pande zote mbili lisiweze kurefuka, linapata mkazo wa 200,000 × 12 × 10⁻⁶ × 25 = MPa 60 bila mtu kulisukuma. Ndiyo maana komeo lililoingia vizuri alfajiri linagoma mchana.

Kupinda: bimu za tangi

Sasa tupande juu ya mnara. Tangi la lita 2,000 likijaa lina maji ya kilo 2,000, yaani kN 19.6. Ongeza tangi lenyewe, mbao za jukwaa na uzito wa bimu, tuchukue kN 21 kwa jumla. Bimu ni mbili, kila moja inabeba kN 10.5, na urefu kati ya miguu ni mita 2. Tuchukulie mbao zinatandaza mzigo sawasawa: kN 5.25 kwa kila mita.

Kila mguu unaitikia kwa nusu ya mzigo wa bimu, kN 5.25. Ukichora kani ya shia, inaanza kwa 5.25 kushoto, inashuka kwa mstari ulionyooka, inapita sifuri katikati, inafika −5.25 kulia. Mahali ambapo shia ni sifuri ndipo momenti ni kubwa kuliko kwingine. Hiyo ni wL²/8, w ikiwa mzigo kwa kila mita na L urefu wa bimu: 5.25 × 4 ÷ 8 = kNm 2.625, au Nmm 2,625,000.

Kabla ya kugawa, elewa unagawa nini. Chukua kipande cha sponji ya godoro, chora kwa kalamu ya wino mistari ya wima ubavuni mwake, kisha kipinde kama tabasamu. Mistari inasogeleana juu na kuachana chini. Juu panagandamizwa, chini panavutwa, na kuna sehemu katikati ambapo umbali kati ya mistari haukubadilika. Hapo ndipo mhimili tulivu. Kadiri unavyokwenda mbali nao, mkazo unaongezeka, na ule mkubwa kuliko yote uko kwenye ngozi ya juu na ya chini. Nyama iliyo katikati haifanyi kazi kubwa. Kwa hiyo chuma chako kiweke mbali na mhimili.

Ulipoona sponji umeshaelewa fomula: mkazo = M ÷ Z, ambapo M ni momenti na Z ni I kugawanya kwa umbali kutoka mhimili tulivu hadi ngozi ya nje. Kwa bomba la pembe nne, I ni (BH³ − bh³) ÷ 12, herufi kubwa zikiwa vipimo vya nje na ndogo vya ndani.

Kwenye duka la mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, una chaguo mbili zenye unene wa mm 3: bomba la 75 × 75 na bomba la 100 × 50. Piga hesabu ya eneo la chuma: yote mawili yana mm² 864. Kilo zilezile kwa mita, chuma kilekile. Sasa ona tofauti.

Bomba la 75 × 75 lina I ya mm⁴ 747,792 na Z ya mm³ 19,941. Mkazo wake ni MPa 132.

Bomba la 100 × 50 likisimama, upande wa 100 ukiwa wima, lina I ya mm⁴ 1,121,192 na Z ya mm³ 22,424. Mkazo unashuka hadi MPa 117.

Bomba hilohilo likilazwa: I ni mm⁴ 374,392, Z ni mm³ 14,976, mkazo ni MPa 175.

Kwa yildi ya MPa 235, kizidisho cha usalama (yildi kugawanya kwa mkazo) ni 2.0 likisimama, 1.8 kwa lile la mraba, na 1.3 likilazwa. Fundi hulilaza kwa sababu linakaa vizuri zaidi wakati wa kuchomelea, na hakuna mtu anayemwambia kwamba ametupa theluthi ya nguvu. Tofauti ya mnepo ni kali zaidi. Kwa fomula 5wL⁴ ÷ 384EI, lililosimama linanepa mm 4.9, la mraba mm 7.3, lililolazwa mm 14.6. Kikomo kinachotumika mara nyingi ni urefu kugawanya kwa 360, hapa mm 5.6. Ni moja tu kati ya matatu lililopita.

Halafu kuna dhana tuliyoiweka kimyakimya: mzigo umetandazwa. Tuseme fundi ameweka boriti moja tu ya kukingama katikati na tangi limekaa juu yake. Mzigo wa kN 10.5 sasa uko kwenye nukta moja, na momenti inakuwa PL/4 = 10.5 × 2 ÷ 4 = kNm 5.25. Mara mbili kamili. Mkazo kwenye bomba lililosimama unaruka hadi MPa 234, ukingoni mwa yildi. Maji ni yaleyale na chuma ni kilekile. Kwenye mtihani swali litasema mzigo ukoje. Mtaani utalazimika kuinama na kuchungulia chini ya tangi.

Ukienda kununua, beba vernia kalipa. Bomba linaloitwa la mm 3 ukilipima na likasoma mm 2.5, Z ya 100 × 50 inashuka hadi mm³ 19,030 na mkazo unapanda hadi MPa 138. Kizidisho chako cha 2 kimekuwa 1.7 kabla hujatoka dukani. Pima ncha zote mbili, na ukwangue kutu kwanza, maana kutu nayo inahesabika kwenye kalipa ilhali haibebi kitu.

Zege na nondo zinafuata sponji ileile. Zege inavumilia kugandamizwa vizuri, lakini uwezo wake wa kuvutwa ni takriban sehemu ya kumi ya huo. Kwa hiyo kwenye lenta iliyoegemea kuta mbili, nondo kuu zinakaa chini, upande unaovutwa. Kwenye kibaraza cha ghorofani kinachoning'inia nje ya ukuta, mambo yanapinduka: juu ndiko kunakovutwa, nondo kuu zikae juu. Na zibaki juu wakati zege inamwagwa. Kibarua mwenye toroli akizikanyaga zikazama chini, mchoro ulikuwa sahihi na kibaraza ni kibovu.

Shia na viungo

Shia ya wastani ni kani kugawanya kwa eneo linalokatwa. Swali la kwanza ni nyuso ngapi zinakatwa. Bolti ya mm 12 ikibeba kN 10 kati ya bamba mbili inakatwa mahali pamoja, MPa 88. Ikiwa bamba moja limebanwa katikati ya mawili mengine, inakatwa mara mbili, MPa 44.

Kwa kiungo cha kuchomelea cha pembeni, eneo halihesabiwi kwa upana wa mguu wa weldi. Hesabu koo lake, ambalo ni 0.7 ya mguu. Mguu wa mm 4 una koo la mm 2.8. Kwa urefu wa mm 100 unapata mm² 280, na kN 5.25 za bimu yetu zinaleta MPa 19 tu. Kwa karatasi, salama kabisa. Weldi za minara huachia kwa sababu nyingine: zimeshikwa kwa madoa manne badala ya kuchomelewa mfululizo, au chuma cha elektrodi kimekaa juu kama nta bila kuyeyuka pamoja na bomba. Gonga magamba yote kwa nyundo, uangalie chini yake.

Msokoto

Mnara hausokotwi sana, kwa hiyo hamia kwenye mashine ya kusaga nafaka kama zile za Manzese na Tandale. Mota ya kW 7.5 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika inazunguka radiani 151.8 kwa sekunde, kwa hiyo inatoa msokoto wa 7,500 ÷ 151.8 = Nm 49.4. Kwenye shafti ya mm 25, mkazo wa shia ni 16T ÷ πd³, yaani MPa 16. Ni mdogo, lakini mfuo wa kabari na mvuto wa mkanda vinauongeza mahali penyewe. Angalia ile d³: ukitoka shafti ya mm 30 kwenda ya mm 25, mkazo unazidi kwa mara 1.73.

Kuhusu duara la Mohr, yaani mchoro unaoonyesha mkazo unavyobadilika ukiutazama kwa pembe tofauti, shika chaki mpya kwa mikono miwili na uisokote polepole bila kuipinda. Haikatiki mkato ulionyooka. Inakatika kwa uso unaozunguka kama parafujo, kwa nyuzi 45. Msokoto ulileta shia, lakini shia tupu ukiitazama kwa nyuzi 45 ni mvuto upande mmoja na mgandamizo upande mwingine, na chaki haiwezi mvuto. Mohr anakuchorea hilohilo kwa duara. Chora la chaki kwanza, katikati yake iwe sifuri, na mengine utayaona ni duara hilohilo limesogezwa.

Miguu: pale mkazo mdogo unapodanganya

Kila mguu unabeba kN 5.25. Chukua bomba la 50 × 50 × 3 lenye urefu wa mita 3: eneo mm² 564, mkazo MPa 9.3. Kwa yildi ya 235 unaweza kudhani kuna usalama wa mara 25. Hapana. Nguzo nyembamba haisubiri yildi, inapinda na kuchomoka pembeni ghafla. Mzigo wa kuchomoka, unaoitwa mzigo wa Euler, ni π²EI ÷ (KL)², K ikiwa namba inayotokana na jinsi ncha zilivyoshikwa. Kwa I ya mm⁴ 208,492, ncha zote mbili zikizuiwa zisiende pembeni, K ni 1 na mzigo wa kuchomoka ni kN 45.7. Chini ikishikwa kabisa lakini juu ikiwa huru kuyumba, K ni 2 na mzigo unashuka hadi kN 11.4. Robo.

Vyuma vya mshazari vinaamua uko upande gani wa namba hizo. Havibebi tangi, na ndiyo sababu mwenye nyumba anayebana bajeti huviona vya ziada. Kuviondoa kunakupeleka kwenye robo, hapo bado hujaweka upepo wa kusi wala mguu uliosimama kombo.

Kuona jinsi umbo linavyotawala hapa, linganisha na nondo ya mm 20 yenye urefu huohuo. Kwa kuvutwa, hata ukiihesabu kama chuma cha MPa 235, inafika kN 73.8. Kwa kugandamizwa inachomoka kwa kN 1.7, uzito wa watu wawili au watatu.

Jinsi ya kujinoa

Fanya maswali machache, lakini kila moja kwa njia mbili: tafuta momenti kwa kukata bimu, halafu kwa kujumlisha eneo la mchoro wa shia. Zikitofautiana, kosa unalo mkononi kabla mhadhiri hajaliona. Andika kadirio kabla ya kubonyeza kikokotoo. Usikariri jedwali la minepo lote. wL²/8, PL/4, 5wL⁴/384EI na PL³/3EI (mnepo wa ncha ya bimu iliyoshikwa upande mmoja) zitakufikisha mbali.

Chini ya mguu

Kani haiishii kwenye chuma. Mguu ukiwa na bamba la chini la mm 150 × 150, kN 5.25 zinagawanywa kwa mm² 22,500 na kutoa MPa 0.233, yaani kPa 233. Kwa chuma hiyo ni kama hakuna mzigo. Kwa mchanga mlegevu wa Mbagala au Kigamboni ni nyingi mno. Bila vipimo vya udongo usipange kuzidi kPa 100. Mwaga kitako cha zege cha mm 300 × 300 chini ya kila mguu, mkazo unashuka hadi kPa 58 kabla ya kuongeza uzito wa kitako chenyewe. Vimwage vyote vinne siku moja, kwa kina kimoja, na upime usawa kwa mpira wa maji. Mguu mmoja ukizama mm 20 kuliko wenzake, tangi linaegemea upande huo, na ule mgawanyo wa kN 5.25 kwa kila mguu haupo tena.